Audie Murphy: shujaa wa nishani kibao aliyelala na bastola chini ya mto

Leo siasa naziweka kando. Nataka niwape habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, mwaka 1971, halafu kupitia kwake niingie kwenye jambo ambalo wanasayansi wanalihangaikia mpaka leo. Jambo lenyewe ni hili: je, inawezekana kumtoa askari damu, kuipeleka maabara, na damu hiyo ikasema kwamba huyu mtu vita bado havijamtoka?

Jina lake Audie Murphy. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa mpenzi wa sinema za kauboi za zamani, hebu muulize. Huyu jamaa alicheza sinema zaidi ya 40. Ila kabla ya kuwa mcheza sinema alikuwa askari wa Marekani kwenye Vita Kuu ya Pili, na anahesabiwa kuwa mmoja wa askari waliotunukiwa nishani nyingi kuliko wote wa nchi ile. Kaeni mkao wa kula, maana habari ni ndefu kidogo.

MTOTO WA SHAMBA LA PAMBA

Murphy alizaliwa tarehe 20 Juni 1925 kule Kingston, kijiji kidogo katika jimbo la Texas. Kwao walizaliwa watoto 12, yeye akiwa wa 7. Wazazi hawakuwa na ardhi yao. Walilima shamba la mtu, na pamba ikishavunwa wanagawana na mwenye shamba. Mnaojua kilimo cha namna hiyo mnajua msimu unaishaje: mwenye shamba anahesabu hela, mkulima anahesabu madeni.

Baba alikuwa mtu wa kuondoka na kurudi, mwisho akaondoka moja kwa moja. Dogo akaacha shule akiwa darasa la tano, akaenda kuchuma pamba kwa dola 1 kwa siku. Akitoka shambani anabeba bunduki, anaingia porini kuwinda sungura na kindi ili wadogo zake wapate mboga. Risasi zinanunuliwa, hela hakuna, kwa hiyo ilibidi ajifunze kutokosa.

Mwaka 1941 mama yake akafariki. Wadogo zake watatu wa mwisho wakapelekwa kituo cha yatima. Mwezi Desemba mwaka huo huo Wajapani wakaipiga Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na Murphy akaona jeshi ndiyo njia ya kupata chakula na mshahara. Alipokwenda kujiandikisha kwa wanajeshi wa Marines walimkataa. Askari wa miavuli nao hawakumtaka. Alikuwa mfupi, na uzito wake ulikuwa kama kilo 50 tu. Umri pia ulikuwa haujafika. Dada yake mkubwa akamsaidia kwa kutia saini karatasi iliyomwongezea mwaka mmoja, na mwezi Juni 1942 jeshi la nchi kavu likamchukua. Ndiyo maana hata jiwe la kaburi lake linasema alizaliwa 1924.

VITANI

Mwezi Februari 1943 alishuka Casablanca, Morocco, akiwa kwenye Kombania B ya Rejimenti ya 15, Divisheni ya 3 ya askari wa miguu. Kuanzia hapo ni safari ndefu: kisiwa cha Sicily Julai 1943, Italia bara Septemba, Anzio mwanzoni mwa 1944, kusini mwa Ufaransa Agosti 1944, kisha kupanda kaskazini mpaka mpakani na Ujerumani. Aliingia akiwa askari wa kawaida kabisa, akapandishwa cheo huko huko kwenye mahandaki mpaka akawa luteni. Watu wa kombania yake walikuwa wanakufa au wanajeruhiwa, wanaletwa wengine, nao wanaondoka vile vile.

Italia ya wakati ule ilikuwa na malaria kama kwetu. Murphy ilimpata zaidi ya mara moja. Januari 1944 alikuwa amelazwa Naples kwa malaria wakati wenzake wanashuka ufukweni Anzio, akawafuata baadaye.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana kitu hiki nitakirudia. Daktari wa jeshi wa mwaka 1944 alikuwa na uwezo wa kumchoma askari kidole, kupaka tone la damu kwenye kioo, kuweka kwenye hadubini na kumwona mdudu wa malaria kwa macho yake. Akishamwona, ubishi umekwisha. Hakuna ofisa wa kusema huyu anajifanya mgonjwa, hakuna mwenzake wa kumwita mwoga. Askari analala kitandani kwa heshima zote, anapewa dawa. Wengi wenu mmeshakaa kwenye benchi la maabara mkisubiri majibu ya namna hiyo. Karatasi ikitoka imeandikwa kwamba wadudu wameonekana, hata bosi wako anakuelewa.

Haya, tuendelee. Tarehe 15 Agosti 1944, siku ile ile waliyoshuka kusini mwa Ufaransa, alikuwa na rafiki yake kipenzi, Lattie Tipton, mtu mzima kuliko yeye. Wajerumani waliokuwa kilimani wakaonyesha ishara ya kusalimu amri. Tipton akasimama. Wakampiga risasi, akafa pale pale. Murphy akachukua bunduki ya rashasha ya adui, akapanda kilima peke yake na kuwamaliza waliokuwa juu. Kwa tendo hilo alipewa nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi la Marekani. Ukisoma habari za maisha yake utaona kwamba kifo cha Tipton alikibeba mpaka mwisho.

Tarehe 26 Januari 1945, kwenye theluji karibu na kijiji cha Holtzwihr, mashariki mwa Ufaransa, vifaru 6 vya Wajerumani vilitokea na mamia ya askari wa miguu nyuma yake. Murphy akawaamuru watu wake warudi msituni, yeye akabaki na simu akiwaelekeza wapiga mizinga wa upande wake. Pembeni kulikuwa na gari la deraya la Wamarekani limepigwa na linawaka moto, na wakati wowote lingeweza kulipuka. Akapanda juu yake, akashika rashasha kubwa iliyokuwa pale, akapigana kama saa 1 nzima huku mguu wake una jeraha. Waliouawa au kujeruhiwa kwa mkono wake siku ile wanakadiriwa kuwa 50. Adui alipoanza kurudi nyuma, alishuka akawaongoza watu wake kuwafukuza. Umri wake, miaka 19.

Tarehe 2 Juni 1945 akavishwa Medal of Honor, nishani kubwa kuliko zote za Marekani. Mwezi Julai sura yake ikatoka ukurasa wa mbele wa jarida la Life, kijana anatabasamu, uso laini kama mwanafunzi. Jeshi lilikuwa limempima urefu, uzito na damu, na limemshona majeraha ya mara tatu. Likamwambia umepona, nenda nyumbani.

NYUMBANI

Kitu cha kwanza alichofanya alikumbuka damu yake. Alinunua nyumba kwa ajili ya dada yake, na wale wadogo zake watatu wakatolewa kituo cha yatima. Kisha mcheza sinema maarufu James Cagney aliona ile picha ya Life, akamwita Hollywood. Mwanzo ulikuwa mgumu, baadaye mambo yakamnyookea. Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake cha vita, To Hell and Back. Mwaka 1955 kitabu kikawa sinema, na yeye mwenyewe, baada ya kusita, akakubali kucheza kama Audie Murphy. Sinema hiyo iliiingizia kampuni ya Universal fedha ambazo hazikupitwa na sinema nyingine ya kampuni hiyo mpaka ilipotoka Jaws mwaka 1975.

Hebu fikirieni hapo. Mtu anachukuliwa kwenda kuigiza siku rafiki yake alipouawa. Mwongozaji akisema haikutoka vizuri, inapigwa tena.

Ya nyuma ya pazia yalikuwa mengine. Usiku halali. Akilala anaota vita, anaamka anapiga kelele. Chini ya mto wake kulikuwa na bastola yenye risasi. Mke wake wa kwanza, mcheza sinema Wanda Hendrix, waliyeoana 1949, alieleza baadaye kwamba kuna wakati alimwelekezea bastola. Ndoa ilivunjika kabla haijafika mbali. Mwaka 1951 alimwoa Pamela Archer, wakapata watoto wawili wa kiume. Lakini usingizi haukurudi. Akaanza kamari, farasi na karata, hela nyingi zikaenda huko. Mwaka 1968 akafilisika. Mwaka 1970 akafikishwa mahakamani kwa ugomvi na mtu mmoja mfunza mbwa, akituhumiwa kutaka kuua. Baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia.

Kwa ajili ya usingizi alikuwa anameza vidonge vinavyoitwa Placidyl, mpaka vidonge vikamtawala. Katikati ya miaka ya 1960 alipogundua kwamba amekuwa mtumwa wake, alijifungia kwenye chumba cha hoteli ya barabarani kwa wiki nzima bila vidonge mpaka mwili ukaachana navyo. Ule mchezo ni hatari, wadau, kuacha ghafla vidonge vya namna ile kunaweza kumuua mtu. Msijaribu.

Baada ya hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko lile la juu ya gari linaloungua. Alianza kusema hadharani. Mwanamume aliyekuwa kwenye mabango kama mfano wa ushujaa alisema waziwazi kwamba halali, kwamba vita vilimharibu, na akaitaka serikali ya Marekani iwaangalie kwa makini askari waliorudi kutoka Korea na Vietnam, si mikono na miguu yao tu, bali na vichwa vyao. Wakati huo watu walikuwa wanaita uchovu wa vita. Jina rasmi halikuwepo.

Tarehe 28 Mei 1971 ndege ndogo aliyopanda iligonga mlima katika jimbo la Virginia, kwenye mvua na ukungu. Watu wote 6 waliokuwemo walikufa. Alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 46. Akazikwa makaburi ya Arlington. Wenye nishani kama yake huandikwa majina kwa rangi ya dhahabu kwenye jiwe. Lake ni jiwe la kawaida kama la askari yeyote, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Mkewe Pamela alibaki na madeni, akaenda kufanya kazi kwenye hospitali ya askari wastaafu huko California, na alifanya kazi hapo kwa miaka 35 akihangaikia wagonjwa wa aina ya mumewe. Alifariki 2010.

DAMU INASEMAJE?

Miaka 9 baada ya Murphy kufa, mwaka 1980, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliingiza kwenye kitabu chake cha magonjwa ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, ambao kwa kifupi unaitwa PTSD. Waliopiga kelele sana mpaka ukaingia ni askari wa Vietnam na madaktari wao. Dalili zake: kuota na kurudiwa na tukio kana kwamba linatokea sasa hivi, kukwepa chochote kinachokumbusha, kuwa macho muda wote, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira, kukosa usingizi. Sisemi kwamba mimi au mtu mwingine anaweza kumpima Murphy leo akiwa kaburini. Lakini someni orodha hiyo halafu mrudi juu msome tena maisha yake.

Jina likapatikana, ila tatizo likabaki. PTSD inapimwa kwa maswali. Daktari anauliza, mgonjwa anajibu. Sasa askari amefundishwa kutolalamika. Akisema ukweli anaogopa atanyang'anywa silaha, atanyimwa cheo, wenzake watamcheka. Kwa upande mwingine, akisema anaumwa na anadai kiinua mgongo cha ulemavu, kuna ofisa atamtazama kwa jicho la kumshuku kwamba anaigiza. Ulimi peke yake haumtoshi, akinyamaza taabu, akisema taabu. Ndiyo maana watafiti wakaanza kutafuta kitu kama kile cha malaria, tone la damu lisilo na aibu wala tamaa.

Kwa nini damu, wakati ugonjwa tunasema uko kichwani? Sikilizeni. Ukikutana na hatari, mwili unamwaga adrenalini. Moyo unakimbia, misuli inakaza, macho yanafunguka. Nyuma yake inakuja homoni nyingine inaitwa kotisoli, ambayo moja ya kazi zake ni kama breki, inasaidia kuzima moto ule hatari ikishapita. Zote mbili zinasafiri kwenye damu. Kwa hiyo mtu ambaye mwili wake bado uko Holtzwihr, ilhali yeye amelala Los Angeles, ni haki kutegemea kwamba damu yake itakuwa na habari.

Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walipima mkojo wa askari wa zamani waliokuwa wamelazwa. Kila mtu alitegemea wenye PTSD wawe na kotisoli nyingi, maana ndiyo homoni ya msongo. Wakakuta iko chini. Watu wakashangaa. Mwaka 1993 mtafiti Rachel Yehuda na wenzake wakafanya jaribio lingine kwa askari wa zamani: wanampa mtu dozi ndogo ya dawa inayofanana na kotisoli, halafu wanampima damu. Kwa kawaida dawa hiyo inauambia mwili upunguze kutengeneza kotisoli yake. Kwa wenye PTSD ilishuka zaidi kuliko kwa wengine. Maana yake, kwa lugha ya kijiweni, miili yao ilikuwa inaisikia homoni ile kwa masikio makali kupita kiasi, breki inakamatwa mapema na moto haujazimwa.

Safi sana, basi tupime kotisoli tumalize? Hapana. Watafiti wengine walipojaribu, kuna waliokuta iko chini na kuna waliokuta haina tofauti. Kotisoli ya asubuhi si ya jioni. Sigara inaibadilisha, pombe inaibadilisha, sonona inaibadilisha, kukosa usingizi pia. Mdudu wa malaria ama yupo ama hayupo. Kotisoli wote tunayo.

Mwaka 2014 ukatoka utafiti wa wanajeshi wa Marines uliofanywa kwa akili: walitolewa damu kabla ya kwenda vitani, wakapimwa tena waliporudi. Waliokuwa na kiwango cha juu cha protini moja inayoonyesha uvimbe wa ndani ya mwili, inaitwa CRP, walikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kurudi na dalili. Kwa hiyo sehemu ya habari inaweza kuwa ilikuwepo kwenye damu hata kabla ya risasi ya kwanza. Ila CRP inapanda pia kwa jino bovu na kwa unene.

Halafu ukaja ule mkubwa wa mwaka 2019. Watafiti wa jeshi la Marekani na wa vyuo vikuu, New York University kikiwemo, waliwachukua askari wa zamani waliokwenda vitani, wote wanaume, 83 wenye PTSD na 82 waliopitia vita lakini hawana. Wakapima vitu zaidi ya milioni 1 kwa kila njia: vialama vidogo vinavyobandikwa juu ya jeni na kuamua jeni gani ifanye kazi, protini, mabaki ya chakula kinavyotumika mwilini, mapigo ya moyo na kadhalika. Kompyuta ikachambua, vikabaki 343. Wakawaita tena baadhi ya watu wale wale, vikabaki 28. Kisha wakavijaribu vile 28 kwa watu wengine kabisa, wagonjwa 26 na wazima 26.

Naomba tuhesabu pamoja. Kati ya wagonjwa 26 kipimo kiliwakamata 22, wanne kikawaambia hamna kitu. Kati ya wazima 26 kiliwaachia 20, na sita kikawaambia mnaumwa. Jumla kilipatia 42 kati ya 52, yaani asilimia 81. Kwa utafiti ni hatua kubwa, na imetuonyesha kwamba ugonjwa huu si wa mawazo tu, umeandikwa mwili mzima. Kwa hospitali bado. Wanawake hawakuwemo, watu ni wachache, na mpaka ninapoandika haya hakuna kipimo cha damu cha PTSD kilichoidhinishwa kutumika kwa wagonjwa. Akitokea mtu mtaani kwenu anauza kipimo cha aina hiyo, mwambieni apite hivi.

WASIWASI WANGU

Mimi naunga mkono utafiti huu. Kijana anayeogopa kusema angepata karatasi ya kumsemea, na daktari angeweza kuona kama dawa inafanya kazi au la. Lakini nina wasiwasi mbili.

Wa kwanza, wale wanne. Mtu haoti ndoto za kutisha kwa sababu maabara imemruhusu. Siku kipimo kikiingia ofisi za mafao, kuna ofisa atachukua karatasi ya mtu kama wale wanne, atasema damu yako safi, madai yako tumeyafuta. Hapo kile kilichotengenezwa kumsemea askari kitakuwa kimemziba mdomo.

Wa pili, zile damu zinazopimwa kabla ya vita. Jeshi likijua nani ana uwezekano wa kuumia zaidi, litamkinga au litamfukuza? Mfikirieni Murphy wa mwaka 1942, yatima wa kilo 50, ameshakataliwa na Marines na watu wa miavuli. Angekataliwa na damu pia, wale wadogo zake wangebaki kituoni. Na angekubaliwa, yaliyompata mnayajua. Sina jibu rahisi. Nasema tu kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa na maabara, ni swali la watu.

NA SISI JE?

Msidhani hii ni habari ya Wazungu peke yao. Vita vile vile alivyopigana Murphy, babu zetu wa KAR, wale tunaowaita keya, walipigana pia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma mwaka 1944, kwenye mvua, matope na malaria. Walirudi vijijini bila mtu wa kuwauliza wanalalaje. Kisha kuna wazee wetu wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mtaani kwetu alikuwepo mmoja. Hakuwahi kukaa akiupa mlango mgongo, iwe baa, iwe msibani. Sikukuu watoto wakipiga baruti anaondoka kimyakimya, anarudi kesho yake. Watu wakawa wanasema mzee ana mashetani.

Huyo hakupimwa kotisoli wala vile vitu 28. Lakini kila mtu mtaani alikuwa anaziona dalili, tena bila hadubini. Alichokosa ni mtu wa kumsogelea na kumuuliza, Mzee, shikamoo, unalala?

Murphy aliyasema kwa mdomo wake mwenyewe, bila karatasi ya maabara, na alikuwa na nishani za kutosha kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumwita mwoga. Wengi hawana kinga hiyo. Kipimo kitakuja siku moja, naamini, na kije. Kabla hakijaja, mwenye baba, mjomba au babu aliyewahi kushika bunduki vitani amsikilize akisema, na akinyamaza amkae karibu. Na akikubali, mpelekeni kwa daktari, matibabu ya kuzungumza na dawa yapo na yanasaidia watu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wenye wazee wa keya, wa Kagera, au ndugu waliorudi kutoka ulinzi wa amani nchi za watu, tupeni yenu hapo chini. Majina yao msiandike, na matusi tafadhali tuyaache nje ya mlango. Tuko pamoja.